Ndama Wekundu wa Mzee Renzo

Siku ya Jumamosi, tarehe 11 Aprili 2015, saa mbili na robo asubuhi, ng'ombe waliokuwamo katika shamba la Mzee Renzo, magharibi ya mji wa Columbus, walikuwa kumi na tisa: majike kumi na wawili, maksai vijana wawili na ndama watano. Aloisi aliwahesabu mara mbili. Mara ya kwanza aliwahesabu kwa macho akiwa amesimama langoni, na mara ya pili alipita katikati yao akimgusa kila mmoja mgongoni, kwa maana hakuwahi kuiamini hesabu ya ng'ombe ambao mkono haujawagusa.

Alikuwa amesafiri kutoka Shively, kando ya Louisville, alikokuwa akiishi na mkewe Theodosia tangu mwaka 2007. Siku tano za juma alipakia vifurushi ghalani. Kazi hiyo aliifanya kwa bidii na bila manung'uniko, ila hakupata kuiita kazi yake. Kazi yake, kama alivyozoea kusema, ilikuwa ng'ombe. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja alipokimbia kutoka Rutana mwaka 1972, nyuma ya ng'ombe watatu wa baba yake, na ni mmoja tu aliyefika Tanzania. Baadaye, huko Kasulu, Msukuma mmoja alimfundisha kuwatia maksai nira na kuwalimisha kwa plau. Hadi leo aliweza kukutajia majina ya maksai wote aliowahi kuwafunza, na walikuwa thelathini na wanne.

Aliyemleta katika shamba lile alikuwa binti yake. Angelika alifanya kazi ya kuwatunza wazee katika nyumba moja huko Buffalo, na miongoni mwa wazee wake alikuwamo Renzo, mwenye umri wa miaka themanini na minane. Mzee huyo alizaliwa Lower West Side, mtaa wa Buffalo, zama mitaa ile ilipojaa Waitalia. Sasa Angelika mwenyewe aliishi mtaa uo huo, na majirani zake walikuwa Wakongo, Waburma na Warundi wenzake. Baba yake Renzo alitoka Romagna, jimbo la Italia lenye ng'ombe wake wa pekee. Renzo alipopata uwezo alinunua majike wanne wa mbegu hiyo na dume mmoja, akawafuga Columbus kwa zaidi ya miaka thelathini. Sasa miguu ilikuwa imemshinda akarudi Buffalo kutunzwa, dume lake la mwisho lilikuwa limekufa kwa uzee mwezi Januari, na mpwa wake alikuwa amelikodisha shamba kwa watu wa mahindi. Ng'ombe walitakiwa kuondoka ifikapo tarehe 6 Juni.

Palikuwa na mlango mmoja tu uliobaki wazi. Shamba moja la maonyesho nje ya Buffalo, ambako watoto wa shule huonyeshwa jinsi watu wa kale walivyolima, lilikubali kuwapokea ng'ombe kwa masharti mawili: wawe wa mbegu halisi, si chotara, na wale maksai wawili wawe wanaijua nira. Yeyote asiyetimiza sharti angepelekwa mnadani, na kutoka mnadani huko njia ilikuwa ya machinjioni.

"Nilimwambia Mzee kwamba baba yangu anajua maksai," Angelika alikuwa amesema katika simu. "Akaniuliza kama unajua kweli au unajua kwa maneno."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia wewe hujui maneno."

Basi Aloisi akakubali, na akatoa ahadi kwa kinywa cha binti yake: maksai watalima, na hakuna ng'ombe halisi hata mmoja wa Mzee atakayeuzwa.

Ng'ombe wenyewe walimwingia moyoni tangu siku ile ya kwanza. Walikuwa weupe wa majivu, wenye ngozi nyeusi chini ya manyoya, pua nyeusi na ncha nyeusi ya mkia. Pembe za majike zilipanda juu na kukunjuka nje, nazo zilimkumbusha pembe za nyumbani, ijapokuwa zilikuwa fupi zaidi. Vifua vilikuwa vipana, kwato ngumu, shingo nene. Maziwa yao yaliwatosha ndama tu. Ng'ombe hawa waliumbwa kwa nyama na kwa kazi, na huko kwao, kabla ya trekta, ndio waliokokota plau, mikokoteni na magogo.

"Hawa wamepotezewa muda," Aloisi alimwambia Sylveri. "Wana mabega ya kulima wilaya nzima, na wanashinda wakitazama barabara."

Sylveri alikuwa ndugu mdogo wa Theodosia. Aliishi Columbus, alifanya kazi kiwandani zamu ya jioni, na tangu Januari alikuja kila asubuhi kuwalisha ng'ombe wa Mzee. Alikuwa mtu wa mzaha, na shemeji yake alikuwa shabaha yake ya kudumu.

"Na wewe, shemeji, una mabega ya kupakia vifurushi vya Louisville nzima," akasema. "Mbona hujalalamika?"

Aloisi alichonga nira kwa mikono yake, akaipima kwenye shingo za maksai na kuichonga tena. Aliwaita Kasulu na Kibondo, kwa majina ya wilaya mbili za Tanzania zilizokuwa na makambi ya wakimbizi wenzake. Walikuwa wamezoea kamba tangu udogo, ila uzito wa nira hawakuujua. Kila Jumamosi na Jumapili baada ya ibada aliwafunza mwenyewe, na katikati ya juma Sylveri aliwatembeza kama alivyoelekezwa. Mafunzo yalikuwa ya namna mbili zilizochanganywa. Nira na plau alifundishwa na Msukuma. Ila kuwatangulia ng'ombe kwa mbele, kuwapa mgongo na kuwaimbia sifa zao, hilo alilitoa kwao Rutana, na hakuona sababu ya kuliacha.

"Kasulu mwenye shingo ya kilima," aliimba akitembea, "Kibondo asiyeuliza urefu wa njia."

"Kibondo haulizi kwa sababu amelala," Sylveri alisema kutoka nyuma.

Lakini maksai walimfuata. Kufikia juma la nne walikuwa wakikokota gogo kuvuka malisho, kisha plau kuukuu la Mzee, na mifereji yao ilikuwa imenyooka.

Lililobaki lilikuwa orodha. Kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyewajua ng'ombe, shamba la maonyesho lilimtaka Aloisi aandike nani ni halisi na nani si halisi. Majike hawakumpa shida, wala maksai. Shida ilikuwa ndama.

Ndama wote watano walikuwa wekundu.

Si wekundu kidogo. Walikuwa na rangi ya udongo wa Kasulu, tangu masikio hadi kwato. Aloisi aliwatazama kwa muda mrefu. Kwao mtoto hufundishwa majina ya rangi za ng'ombe kabla ya kufundishwa kuhesabu, na mchungaji huitambua damu ya dume kwa manyoya ya ndama, kama vile watu wanavyomtambua baba kwa pua ya mtoto. Mama weupe, ndama wekundu watano kwa mpigo: jibu lilikuwa kwa jirani. Ng'ambo ya uzio wa mashariki aliishi Bwana Yoder, mmoja wa Waamishi, Wakristo wale wanaolima kwa farasi na wasioweka simu nyumbani, naye alikuwa na dume jekundu lenye nguvu. Uzio ule ulikuwa umelala chini majira yote ya joto yaliyopita. Aloisi alihesabu miezi nyuma kwa vidole, na miezi ikakubali.

"Lakini wote watano, shemeji?" Sylveri aliuliza. "Hata mmoja asifanane na mama yake?"

"Wewe ulizaliwa kambini. Ulichowahi kuchunga ni mbuzi wa jirani, na alikushinda."

"Alikuwa mbuzi mkorofi. Mimi nauliza tu."

"Tazama na hili." Aloisi alimshika ndama mkubwa, dume, akamwonyesha manyoya ya majivu yaliyoanza kuzunguka macho. "Ukurutu wa ngozi umeanza. Ndama chotara, tena mgonjwa. Nikimtia katika orodha, watawakataa wote."

Sylveri alirudi kwenye ndoo zake, kwa kuwa ukurutu hakuujua.

Tarehe 9 Mei, Aloisi akafanya kile alichokiona kuwa haki kwa pande zote. Hakutaka ndama waende machinjioni. Aliwapeleka kwa Bwana Yoder, ambaye alikuwa na ng'ombe wa maziwa wa kuwanyonyesha, na badala yake Yoder na wanawe wanne wakaujenga upya uzio wote wa mashariki kwa siku moja. Walipeana mikono. Majike watano walilia kando ya uzio mpya kwa siku tatu. Aloisi aliambiwa habari hiyo kwa simu akiwa ghalani, naye alisema hilo ni jambo la kawaida.

Jumamosi iliyofuata, tarehe 16, aliendesha gari hadi Buffalo kumpelekea Mzee Renzo orodha. Angelika alimpokea Grant Street, barabara ya maduka mtaani kwake, ambako alikuwa akinunua dagaa na unga wa muhogo, wakaenda pamoja. Mzee alikuwa ameketi karibu na dirisha akiwa amevaa shati safi lililofungwa vifungo hadi shingoni. Aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akaisoma polepole akipitisha kidole, kisha akasema neno kwa Angelika.

"Anasema umeandika vizuri," Angelika akafasiri. "Anauliza ndama wako wapi."

"Mwambie ndama hawakuwa wake. Ni wa dume la jirani. Wote wekundu."

Angelika alifasiri. Mzee hakuinua sauti. Alinyoosha kidole kuelekea ukutani, kwenye picha ya zamani yenye fremu ya mbao, na Angelika akaiteremsha. Ilikuwa picha isiyo na rangi ya mtu mwenye kofia, amesimama kati ya maksai wawili weupe. Nyuma yao alikuwapo jike mweupe, na chini ya tumbo la jike huyo, akinyonya, alikuwapo ndama wa rangi nzito.

Mzee alisema kwa muda. Angelika alisikiliza hadi mwisho, na alipoanza kufasiri hakumtazama baba yake usoni.

"Anasema ndama wa Romagna huzaliwa hivyo, Baba. Wekundu kama hao hao. Wakiwa na umri wa miezi miwili au mitatu wanaanza kupauka, na kwanza ni kuzunguka macho. Baada ya hapo wanakuwa weupe mwili mzima."

Aloisi aliitazama picha, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe, iliyomshika yule ndama na kuuita upaukaji ukurutu.

"Anauliza kama wale ndama madume wawili bado hawajahasiwa. Anasema hana dume jingine. Wakihasiwa hao, hakuna ng'ombe wake watakaozaliwa tena."

Aloisi hakujitetea. Alisimama, akavaa kofia, akaivua tena kwa sababu alikuwa bado hajasema lililompasa kusema.

"Mwambie nimekosa, na kosa ni langu, si la Sylveri wala la jirani. Mwambie tarehe 6 atamwona dume lake hapa Buffalo."

Mzee alipofasiriwa aliitikia kwa kichwa, akasema neno fupi.

"Anasema: nenda, basi, unangoja nini."

Yoder hakuwa na simu. Sylveri alikuwa nayo, na siku ile hakuwa kazini. Aloisi alimpigia kutoka uwanja wa kuegesha magari.

"Kimbia kwa Yoder. Ndama ni halisi. Mwambie asihasi mtu."

Upande wa pili palikuwa kimya kidogo.

"Sylveri?"

"Nipo, shemeji. Naifurahia kidogo tu sauti hii, halafu nakimbia."

Alikimbia kweli. Aloisi akiwa njiani kurudi Columbus, kabla hajafika mji wa Cleveland, simu ililia: ndama dume mdogo alikuwa amekwisha kufungwa mpira wa kuhasi tangu juzi, na hapakuwa na la kufanya. Yule mkubwa alikuwa bado. Yoder angemhasi asubuhi ile, ila farasi wake mmoja alikuwa amevimba mguu na kazi yote ikasimama. Alikubali kungoja hadi Jumatatu. Kesho yake ilikuwa siku ya ibada, na siku ya ibada Yoder hazungumzi habari za ng'ombe.

Aloisi naye alikwenda ibadani. Baada ya ibada alimpigia Theodosia na kumwambia kwamba atatumia siku tatu za likizo alizokuwa amezihifadhi kwa ajili ya Krismasi.

"Baba Angelika," Theodosia akasema, "kwa hiyo Krismasi utakula kwenye gari?"

"Nitakula nyumbani, nimetulia."

"Haya. Watulie hao ng'ombe kwanza."

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi alisimama langoni kwa Yoder, na nyuma yake walisimama Kasulu na Kibondo wakiwa na nira shingoni. Sylveri alikuja awe mfasiri, kwa kuwa Kiingereza cha Aloisi kilikuwa cha ghalani.

Bwana Yoder alikuwa mtu mrefu mwenye ndevu na kofia ya majani, asiyeharakisha maneno. Alisema kwamba ndama ni wake kwa haki, naye ametoa siku moja ya jasho la watu watano. Uzio umesimama, hauwezi kung'olewa na kurudishwa.

"Mwambie simwombi arudishe bure," Aloisi akasema. "Farasi wake ana mguu mbaya, na shamba lake la bondeni halijalimwa. Ametoa jasho, nami nitatoa jasho."

Yoder aliwazunguka maksai. Aliwapapasa mabega, akainua kwato moja, akaitazama nira kwa makini zaidi kuliko ng'ombe.

"Anauliza nira nani ameichonga."

"Mwambie mimi."

"Anasema ni nzuri." Sylveri alisikiliza tena. "Bonde lina vipande vitano. Anasema kila kipande kikilimwa vizuri, ndama mmoja anarudi. Mvua ikianza, kazi imekwisha, na aliyebaki amebaki. Redio ya dereva wa maziwa imesema mvua ni Jumatano jioni."

"Mwambie sawa. Lakini nachagua mimi yupi atatangulia kurudi."

Yoder alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Anasema kila mtu angemchagua huyo huyo," Sylveri akafasiri.

Wakaingia bondeni. Yoder mwenyewe alishika plau. Aloisi alitangulia mbele, akawapa maksai mgongo, akaanza kuimba. Udongo ulikuwa mzito, na katika mfereji wa kwanza Kibondo alisimama kabisa, akageuza kichwa kumtafuta Sylveri. Wana wa Yoder, waliokuwa wameegemea uzio, walicheka. Aloisi hakugeuka wala hakuvuta kamba. Alingoja, akaanza sifa upya tangu mwanzo, kwa sauti ile ile, na alipofika kwenye jina la Kibondo alipiga hatua. Maksai wakapiga hatua.

Walipofika mwisho wa mfereji wa sita, Yoder alisimamisha plau afute jasho, akauliza jambo.

"Anataka kujua kama huo ni wimbo wa kanisa," Sylveri akasema.

"Mwambie ninawasifu."

Sylveri alieleza, Yoder akajibu, na Sylveri akacheka hadi akashika magoti.

"Anasema yeye hajawahi kuwasifu farasi wake, labda ndiyo maana mmoja amevimba mguu."

Kipande cha kwanza kilikwisha saa kumi alasiri. Aloisi aliingia zizini kwa Yoder, akamfunga kamba ndama dume mkubwa na kumwongoza hadi upande wa pili wa uzio. Duara la majivu kuzunguka macho lilikuwa limepanuka tangu alipolitazama mara ya mwisho, na sasa alishangaa jinsi lilivyokuwa safi, bila kigaga wala upele. Mama yake ndama alikuja mbio. Alimnusa, akamlamba shingo, kisha akamwacha anyonye.

Jumanne walilima vipande viwili, kwa sababu maksai walikuwa wamekwisha kuelewa wanachotakiwa. Ndama jike wawili walirudi. Jumatano walianza mapema zaidi, kwa kuwa kipande cha nne kilikuwa kikubwa kuliko vyote, na kufikia saa tisa alasiri kilikuwa kimelimwa. Ndama jike wa tatu akarudi. Wakaingia kipande cha tano. Walikuwa wamepiga mifereji mitatu wakati matone ya kwanza yalipoanguka, na katika mfereji wa nne Kasulu, ambaye siku zote tatu hakuwa amesita, alipiga magoti kwenye tope.

Aloisi alimfungua nira papo hapo. Alipapasa magoti yake, akahakikisha hayakuumia, akamwinua.

"Tunaweza kumalizia na Kibondo peke yake?" Sylveri aliuliza.

"Hapana. Maksai mchanga ukimvunja moyo leo, kesho hakufai." Akamgeukia Yoder, na neno hili alilisema mwenyewe kwa Kiingereza chake cha ghalani: kazi imekwisha.

Ndama aliyesalia alikuwa yule dume mdogo aliyekwisha kuhasiwa. Yoder alimtazama Aloisi, akaitazama mifereji ya kipande cha tano inayojaa maji, akasema kwamba mapatano ni mapatano, ila kama Aloisi anaona ni haki, ndama huyo angependa kumweka, awe maksai. Alitaka pia kupewa nira ile, ajifunze kuchonga nyingine kama hiyo.

"Mwambie ni haki," Aloisi akasema. "Nira ataipata baada ya tarehe 6. Na mwambie ndama huyo atapauka. Asije akadhani ni ukurutu."

Tarehe 6 Juni 2015 lori liliwashusha ng'ombe katika shamba la maonyesho nje ya Buffalo. Mzee Renzo aliletwa na Angelika katika kiti cha magurudumu, akasukumwa hadi kwenye uzio. Aloisi alimwongoza ndama dume kwa kamba hadi mbele yake. Uso wote wa ndama ulikuwa umekuwa wa majivu, na mgongo bado mwekundu. Mzee alipitisha mkono katikati ya mbao, akamshika sikio, akakaa hivyo kwa muda. Kisha akaitisha orodha, akatoa kalamu mfukoni mwa shati, akampa Aloisi.

Aloisi aliweka karatasi juu ya goti lake na kuiandika upya kwa mwandiko wa shule, herufi zote zimesimama sawa:

Majike, kumi na wawili. Maksai, wawili. Ndama jike, watatu. Ndama dume, mmoja. Jumla waliofika, kumi na wanane. Aliyebaki kwa Bwana Yoder, mmoja. Aliyeuzwa, hakuna.